Njia Haijaiva

Asubuhi ile Bwana Magunia alitafuta shati lake la kazi mpaka akataka kulia. Si kwamba lilipotea. Lilikuwepo, ila lilikuwa chini ya gauni, gauni liko chini ya koti, koti liko chini ya shuka, na vyote hivyo vimetundikwa juu ya baiskeli. Na baiskeli yenyewe nzima kabisa, ina kengele, ina kikapu mbele na keria nyuma, imesimamishwa kati ya kitanda na dirisha, imegeuzwa kabati. Akavuta shati, baiskeli ikaja nalo. Usukani ukamchoma mbavuni, kengele ikalia.

"Unavunja nini huko?" mkewe akauliza kutoka sebuleni, alikoinamia cherehani.

"Sivunji kitu. Navunjwa mimi."

"Si ungesema nikutolee shati."

"Mama watoto, hivi hili kabati lako litatoka lini humu ndani?"

Cherehani ikanyamaza kidogo, halafu ikaendelea. Ndiyo jibu lake hilo, na Bwana Magunia alishalizoea.

Huyu mama ni fundi nguo, anashona sare za shule. Zamani alikuwa anazipeleka mwenyewe kwa baiskeli, kikapu kimejaa, keria imejaa, na watu wakisikia kengele wanajua sare zinapita. Mpaka siku lori lilipompita karibu mno pale barabara kuu, upepo wake ukamsukuma, akaingia mtaroni yeye na sare zake zote. Mfupa haukuvunjika hata mmoja. Lakini wale waliomtoa mtaroni walimtoa huku wanamsema: mama wewe, baiskeli umeitolea wapi, hujui kuendesha, mambo mengine waachie wenyewe. Maneno hayo akayabeba. Tangu siku hiyo sare zinakwenda kichwani, kwa miguu, anarudi jioni shingo imekaza kama mti, na wateja wa mbali wameshahamia kwa mafundi wengine. Ukimwambia panda baiskeli, anasema, "Nitapanda ikipatikana njia." Alisema hivyo ili aachwe tu, kama mtu anavyomwambia mdai njoo kesho. Kosa lake ni kwamba mumewe alimwamini.

Kwa hiyo halmashauri ilipotangaza inataka watu wa kujenga njia ya baiskeli, njia ya majaribio, pembeni ya barabara kuu, Bwana Magunia alifika getini kabla mlinzi hajafungua. Wakamchukua, na baadaye wakamfanya nyapara.

Njia yenyewe haikuwa ya lami. Lami ni ghali, ingeishia kwenye mazungumzo. Ilikuwa ya udongo, udongo mwekundu unaochimbwa hapo hapo nyuma ya uwanja wa mpira. Unachekechwa, unatiwa saruji kidogo tu, kama mtu anavyotia chumvi, unanyunyiziwa maji, unamwagwa katikati ya mbao, halafu wanaume wanaushindilia mpaka ukigonga unasikia umejibu. Injinia wa halmashauri, binti mmoja mpole asiyependa makuu, ndiye aliyemfundisha Bwana Magunia kupima. Unafinya donge mkononi, unanyoosha mkono, unaliachia lidondoke. Likipasuka vipande vichache, udongo uko sawa. Likisambaa kama unga, una kiu. Likilala chini pwaa kama kinyesi cha ng'ombe, umeuzamisha, anza upya. Bwana Magunia alilipenda jambo hilo. Alikuwa anadondosha madonge hata nyumbani, mkewe anafagia nyuma yake.

Shida ilikuwa baada ya kushindilia.

Udongo wenye saruji ukishindiliwa unaonekana umekwisha. Uko laini, umenyooka, unavutia kuupita. Na ndipo hapo usiguswe. Saruji inataka maji siku kadhaa ili ishikane na udongo, jua likiiwahi inakufa kabla haijashika, na baada ya mvua mbili tatu njia yote inageuka matope tena. Kwa hiyo inafunikwa magunia yaliyolowa, na magunia yanamwagiwa maji asubuhi, mchana na jioni. Jina lake lilitoka hapo. Mtaa mzima ulimwona akikimbia na ndoo kama mtu anayezima moto usioonekana.

Na watu ni watu. Huyu anachukua gunia moja la kufutia miguu mlangoni kwake. Yule anafunua kidogo aone chini kuna nini. Mwingine anavuka katikati na toroli la matofali, ukimuuliza anakushangaa.

"Kwani hii si njia?"

"Ni njia."

"Sasa njia isiyopitwa ni njia ya nini?"

"Bado haijawa tayari, kaka."

"Naiona imekauka vizuri tu."

"Imekauka ndiyo, lakini..." Na hapo ndipo Bwana Magunia alipokuwa anakwama. Injinia alikuwa na neno lake la chuoni kwa ajili ya jambo hilo, refu, la kigeni. Bwana Magunia alilijaribu mara moja likamkwama kwenye meno. Akatafuta neno la watu. Akalipata. "Haijaiva," akasema. "Kukauka si kuiva. Tunangoja iive."

Likafanya kazi. Watu waliacha kuvuka, angalau wengi wao. Badala yake wakaanza mizaha, ambayo nayo inachosha lakini haiachi alama za magurudumu.

"Nyapara, umeonja chumvi?"

"Bwana Magunia, ikiiva utuite na sisi."

"Haijaiva tu? Punguza maji bwana, itakuwa uji hiyo."

Aliyeongoza kwa mizaha alikuwa kibarua wake mwenyewe, jitu la miraba minne waliloliita Kishindo, mshika kishindilio. Kishindo alikuwa anashindilia huku anaongea, na ukimwambia anyamaze anaacha kushindilia pia, kwa hiyo ilibidi kumwacha aongee.

Mtu mmoja tu hakutania. Mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa anaishi ukuta kwa ukuta na binti yake, na kipande cha mwisho cha njia ya majaribio kilipita mbele ya mlango wake. Wakubwa walimwita Mama Vyungu. Maisha yake yote alifinyanga: vyungu, mitungi, vikaango, vyetezo. Ndoo za plastiki ndizo zilizomstaafisha, na mpaka leo ukimpa maji kwa kikombe cha plastiki anakitazama kwanza kana kwamba kina deni naye. Akawa anatoa kigoda chake kila asubuhi, anakaa mlangoni, anamtazama mkwewe akimwagia udongo maji. Anatazama, anatikisa kichwa, ananyamaza. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Mkwe."

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huo udongo wako unasema haujaiva?"

"Bado mama."

"Na unaumwagia maji."

"Ndiyo mama."

"Kila siku."

"Mara tatu kwa siku, mama."

Mama Vyungu akavuta pumzi ndefu. "Mkwe wangu, udongo mbichi haukutani na... Basi. Wewe ndiye nyapara. Kamati inakuja lini?"

"Wiki ijayo, mama. Wakiipenda, njia itaendelea mpaka zahanati. Wasipoipenda wataing'oa."

"Na huyu binti yangu atabaki kubeba mizigo kichwani."

"Ndiyo hivyo, mama."

Hapo Bwana Magunia angeweza kukaa chini akamweleza. Angeanza tu: mama, udongo huu si kama ule wako. Lakini mtu unamwanzaje mama mkwe, tena mfinyanzi, somo la udongo? Aliona ni utovu wa adabu. Na tena alikuwa amechoka, na ndoo iko mkononi. Akasema, "Utaiva tu, mama, usiwe na wasiwasi," akaenda zake. Yule mzee akabaki pale na wasiwasi wake wote.

Kesho yake gari la halmashauri lilipatikana kwa shida, Bwana Magunia na Kishindo wakaenda nalo kuchota udongo nyuma ya uwanja wa mpira. Mkewe alikuwa amepeleka sare. Walikawia, maana gari liliharibika, likatengenezwa, likaharibika tena pale pale lilipotengenezwa. Wakati wanarudi, Kishindo akiwa juu ya udongo kama mfalme, akagonga paa la gari.

"Nyapara. Mtaani kwako kuna moshi."

"Watu wanachoma takataka."

"Takataka zimenyooka sana hizo. Zimefuata njia."

Bwana Magunia akatoa kichwa dirishani. Gari halijasimama vizuri, akaruka chini.

Magunia yake yote ya kipande cha mwisho yalikuwa yameanikwa ukutani, yamepangwa vizuri, yanachuruzika. Na juu ya njia, kuanzia pembe ya nyumba yake mpaka mlangoni kwa mama mkwe, kulikuwa na tuta la maranda ya seremala, majani makavu, maboksi na vijiti, linawaka taratibu, moto wa kiutu uzima, moto wa mtu anayejua anachofanya. Mama Vyungu alikuwa anazunguka na fimbo ndefu, anasukuma kaa hapa, anaongeza maranda pale, uso umeng'aa kwa jasho na raha. Majirani wamejipanga pembeni kama wako harusini.

"Karibu, mkwe," akasema. "Nimekumalizia. Jana usiku nilikuonea huruma. Nimeamka na alfajiri nikatoa matambara yako, nikauacha ukauke na jua la asubuhi, sasa nauchoma. Jioni hii imeiva. Kamati ije tu."

Kishindo akashuka kutoka juu ya gari, akasogea mpaka sikioni kwa mkubwa wake. "Nyapara," akanong'ona, "tugeuze au tuepue?"

Bwana Magunia alitafuta mahali pa kukaa. Akapata ndoo, akaigeuza, akaikalia. Alitazama moto. Alisikia udongo wake ukilia chini ya makaa, ta, ta, ta, unapasuka. Maneno yalimjaa mdomoni, mengine hakujua kama anayajua, na mbele yake amesimama mama aliyemzaa mke wake, ana majivu kwenye nyusi, anangoja.

"Asante, mama," akasema.

Akainuka, akazunguka nyuma ya nyumba, akaweka paji la uso kwenye ukuta, akaongea na ukuta kwa muda mrefu.

Mkewe aliporudi alimkuta sebuleni anadondosha madonge ya udongo mkavu sakafuni, moja baada ya jingine, yote yanasambaa kama unga.

"Nimeona," akasema. "Mtaa mzima umeshanihadithia kabla sijafika."

"Mwambie mama yako..."

"Mama yuko nyuma ya huo ukuta. Anakusikia."

"Basi mwambie asinisikie. Mwambie nimefanya kazi ile jua na mimi, mimi na jua. Mwambie kamati inakuja na mimi nina njia iliyoungua."

Nyuma ya ukuta ikatoka sauti, haina haraka: "Mwambie mumeo udongo nimeushika kabla hajajua kufunga vifungo vya suruali."

"Unasikia?" Bwana Magunia akamwambia mkewe.

"Nasikia wote wawili. Nimechoka, nimetembea kutwa." Mkewe akaketi, akavua viatu, akasugua shingo. "Hebu niambie. Ulimwambia nini kuhusu hiyo njia?"

"Nini kipi? Nilimwambia haijaiva."

"Haijaiva."

"Ndiyo. Kila mtu namwambia hivyo."

"Umemwambia mfinyanzi, mtu aliyechoma vyungu miaka yote, kwamba kitu cha udongo hakijaiva. Halafu ukategemea afanye nini? Akinyweshe?"

Bwana Magunia akaacha kudondosha. Donge lililobaki mkononi akaliweka mezani polepole.

"Wengine wote walielewa," akasema mwishoni.

"Wengine wote si wafinyanzi."

Ikabidi aende. Si mbali, ni mlango wa pili, lakini siku ile palikuwa mbali. Alimkuta mama mkwe kwenye kigoda, amenawa uso, amejikunja kidogo, maana na yeye alishatoka kuitazama kazi yake. Kufinyanga kumempa macho. Aliona nyufa, aligusa kwa kidole, kidole kikatoka na vumbi jekundu.

"Imepasuka," akasema kabla hajasalimiwa. "Sijawahi kuchoma kitu kikapasuka hivyo. Hata nilipokuwa mwanafunzi."

"Mama, udongo huu hauivi kwa moto. Umetiwa saruji. Unaiva kwa maji."

"Maji ya baridi."

"Ya baridi, mama."

"Bila moto wowote."

"Moto wake uko ndani, kwenye saruji. Maji ndiyo yanauchochea. Ukikauka mapema, moto umezimika."

Mama Vyungu alilitafuna hilo. Kwa mtu wa umri wake ni kubwa, uambiwe kuna udongo unaopikwa kwa kuloweshwa. "Ungesema," akasema.

"Sikutaka kukufundisha udongo, mama. Niliona ni kukukosea adabu."

"Adabu." Akalitazama lile neno kama anavyotazama kikombe cha plastiki. "Adabu gani hiyo ya kuniacha nichome jasho la watu? Siku nyingine nikosee adabu, mkwe wangu. Nikosee mapema."

Injinia alikuja asubuhi na nondo yake, akachoma pale palipoungua, nondo ikazama kama kisu kwenye ndizi. Hakupiga kelele. Alichuchumaa tu, akashika mashavu.

"Tung'oe, tumwage upya," akasema. "Lakini mzee, kamati haiahirishwi. Nimeshapiga simu. Wakija, hiki kipande kitakuwa kichanga. Baiskeli yenye mzigo ikikanyaga pale itaacha mfereji. Na kuna wajumbe wanataka lami tangu mwanzo, wao wanatafuta mfereji huo huo. Watapiga picha yake, wataacha njia nzima."

"Tuwaambie wasipite."

"Nitawaambia. Mwenyekiti wetu unamjua, ukimwambia asipite, ndipo atakapopita."

Wakang'oa, wakachanganya, wakashindilia, Kishindo safari hii kimya kabisa, jambo ambalo lilimtisha Bwana Magunia kuliko mizaha yake. Wakafunika. Na mama mkwe akaomba ndoo.

Kama kuna mtu anadhani hapo ndipo raha ilipoanzia, basi hajawahi kumpa mama mkwe ndoo. Sasa akawa yeye ndiye nyapara wa nyapara. Magunia yakikauka ncha tu, anagonga ukuta. Alfajiri anagonga, mchana wa jua kali anagonga. "Mkwe, pembe ile ina kiu." "Mkwe, kuku kapita, nimemfukuza, lakini kapita." Kishindo aliweka kidole kimoja tu juu ya gunia, akamwagiwa ndoo nzima kifuani. Bwana Magunia mwenyewe alijaribu kuruka kwenda mlangoni kwake kula chakula cha mchana, akaambiwa azunguke.

"Mama, hii njia ni yangu. Nimeijenga mimi."

"Haijaiva," akajibiwa.

Neno lake mwenyewe, limerudishwa kwake likiwa moto. Akazunguka.

Kamati ikafika. Watu wengi wenye viatu vinavyong'aa, gari linawafuata nyuma wasije wakachoka, na mbele yao Mwenyekiti, mtu mnene, mwenye sauti, mkarimu wa ahadi. Wakapita kwenye vipande vya kwanza, vilivyokwisha kuiva. Injinia akachoma nondo, nondo ikagonga na kurudi. Wakamwaga ndoo ya maji, maji yakatiririka pembeni. Wajumbe wa lami wakakanyaga kwa visigino, wakakwaruza, wakainua nyuso bila kusema kitu. Bwana Magunia alikuwa nyuma yao, kofia mkononi, anahesabu pumzi zake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni kwao, futi ya kupimia nguo shingoni, kama mtu aliyetoka kidogo tu kuona makelele ni ya nini.

Ililetwa baiskeli ya kubebea mizigo, madumu ya maji nyuma. Palikuwa na mpandaji wa kukodi. Lakini mpiga picha naye alikuwepo, na Mwenyekiti alipoona kamera akavua koti.

"Nipe mimi," akasema. "Wananchi waone."

"Mheshimiwa," Injinia akasema, "mpaka pale kwenye magunia tu. Kipande cha mwisho bado."

"Sawa, sawa."

Akapanda. Na kwa kweli aliendesha vizuri. Tumbo mbele, madumu nyuma, njia imenyooka, akaanza kucheka mwenyewe kama kijana, akapiga kengele, watu wakashangilia. Akashika kasi. Akafika kwenye magunia. Hakupunguza.

Na katikati ya njia, mbele ya magunia, juu ya kigoda, alikaa Mama Vyungu, ndoo magotini.

Breki zikalia. Gurudumu la mbele lilisimama karibu na kidole gumba cha mguu wake. Hakukisogeza.

"Bibi, nipishe."

"Shikamoo sikuisikia," Mama Vyungu akasema.

"Shikamoo, bibi. Nipishe nipite."

"Marahaba. Haijaiva."

"Mimi ndiye Mwenyekiti wa kamati."

"Hongera, baba. Haijaiva."

"Bibi, hii njia ni ya halmashauri..."

"Na mimi nilijiona najua, kama wewe. Nikaichoma moto. Muulize mkwe wangu. Mwanangu, pita pale." Akanyoosha mkono kuelekea barabara kuu. "Ni kajisehemu tu, nyumba mbili. Kapite, utaukuta mwisho wa njia kule mbele."

Bwana Magunia alitamani ardhi impasukie, kama ile iliyochomwa. Wajumbe wanatazama, kamera inatazama. Mwenyekiti alimtazama yule bibi, akaitazama ndoo, akaona imejaa. Akacheka kwa nguvu zaidi kidogo ya ilivyohitajika, akageuza usukani, akateremka barabarani.

Lori lilikuwa linakuja nyuma yake. Si lori baya, ni lori tu, kama yale yanayopita hapo kutwa. Likapiga honi, likampita. Upepo ukamchukua yeye na madumu yake, gurudumu likayumba, likayumba tena, akaingia mtaroni polepole, kwa heshima zake zote, kama mtu anayeingia bafuni.

Watu wakamkimbilia. Hakuumia. Alitoka na suruali imebadilika rangi mpaka magotini, kiatu kimoja kimebaki kule. Alitazama nyuma barabarani, lori la pili linapita, honi ile ile. Akakaa kimya, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Hakuna aliyemwambia hajui kuendesha. Hata mmoja.

Na hapo, kutoka mlangoni, Bwana Magunia akasikia kitu alichokuwa amesahau kinavyosikika. Mkewe alikuwa anacheka. Amejishika kwenye mlango, futi ya nguo inaning'inia, anacheka mpaka machozi.

"Kumbe hata yeye," akawa anasema. "Kumbe hata yeye jamani, na suruali yake."

Mwenyekiti akamgeukia Injinia. Wajumbe wa lami wakasogea karibu, wana maneno tayari. Hakuwapa nafasi. "Hicho kipande cha huyo bibi," akasema, huku anakamua suruali, "kitaiva lini?"

"Wiki ijayo, Mheshimiwa."

"Na kutoka hapo mpaka zahanati, udongo upo?"

"Upo mwingi."

"Basi muanze. Na mumtafutie bibi kofia ya jua."

Kipande kiliiva. Mama Vyungu mwenyewe ndiye aliyetoa magunia, akagonga kwa fundo la kidole kama alivyokuwa anagonga vyungu sokoni, akasikiliza, akagonga tena penginepo, akasikiliza, watu wote wakimngoja na Injinia akiwemo. Halafu akaondoa kigoda.

Asubuhi iliyofuata Bwana Magunia aliamka, akanyoosha mkono kati ya kitanda na dirisha kutafuta shati lake la kazi. Mkono ukapita hewani. Akapapasa. Hakuna gauni, hakuna koti, hakuna usukani. Nguo zote zilikuwa sakafuni, lundo moja, shati lake chini kabisa kama kawaida.

"Mama watoto," akaita.

Sebuleni kimya, cherehani imefunikwa.

"Mama watoto, sasa shati langu nilitundike wapi?"

Nje, mbele ya mlango wa mama mkwe, kengele ikalia mara mbili, ikaenda inapungua kuelekea shuleni. Halafu ukuta ukagongwa.

"Mkwe," sauti ikasema. "Acha kelele, mtu amekwenda kazini."